Fimbo ya mjumbe wa Kirumi: shajara ya faharasa ya Kilatini kwa Kiswahili

13 Januari: kuanza

Nafundisha Kilatini katika seminari ndogo. Vijana wangu wanatumia kamusi zilizoandikwa kwa lugha za Ulaya, kwa hiyo kila neno linawafikia kwa kuzunguka: kutoka Kilatini, kupitia lugha ya tatu, hadi Kiswahili, na njiani kitu humwagika. Nimeamua kutengeneza faharasa ndogo ndogo za Kilatini kwa Kiswahili moja kwa moja, kila moja ikishika jambo moja tu. Hii ya kwanza ni ya fimbo ya mjumbe, caduceus, yenye nyoka wawili walioizunguka, na watu walioishika. Naweka kumbukumbu hizi ili mwalimu mwingine anayetaka kutengeneza ya shamba, ya ndoa au ya jeshi asianze pale nilipoanza mimi.

Sababu ya kuchagua fimbo ni swali. Mwaka jana tulikuwa tunamsoma Livius, mwanahistoria wa Roma, anayetaja caduceator, mjumbe mwenye fimbo hiyo, na fetialis, kuhani wa mikataba. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu caduceator ndiye yule yule fetialis?" Nikamjibu ndiyo. Sikuwa nimechunguza. Nilipochunguza nilikuta si yeye kabisa, na tangu siku hiyo jibu lile limenikaa kooni.

Orodha ya kuanzia ina vidahizo, yaani maneno ya kufafanuliwa, 12: caduceus, caduceator, caducifer, virga, fetialis, pater patratus, verbenarius, verbena, sagmina, praeco, legatus, orator. Vyanzo ni kamusi kubwa ya Lewis na Short ya mwaka 1879, inayosomeka bure mtandaoni, na maandishi ya Warumi wenyewe, nayo ni bure. Gharama mpaka leo: bando la intaneti, shilingi 10,000.

27 Januari: caduceus, na kosa la kwanza

Kidahizo cha kwanza kilinichukua wiki mbili, moja kati yake ya kubomoa nilichojenga. Niliona caduceus, nikaona caducus, yaani "kinachoanguka" au "kilicho karibu kuanguka", kutokana na kitenzi cado, "naanguka". Nikaandika kwa furaha kwamba fimbo ile iliitwa hivyo kwa kuwa mbele yake silaha huanguka chini. Ni maelezo mazuri sana, ila hayana ukweli.

Neno lenyewe ni la Kigiriki. Mpiga mbiu wa Wagiriki aliitwa keryx, na fimbo yake kerykeion. Katika lahaja ya Kidori ilitamkwa karykeion, Warumi wakaichukua kwa njia hiyo, na r ya katikati ikawa d. Kijana wa Kiswahili hapaswi kushangaa r kugeuka d, maana lugha yake inafanya hivyo kila siku: mtu mrefu, njia ndefu. Sababu ni tofauti, yetu huletwa na ile n inayotangulia, lakini sikio tayari linaijua njia hiyo. Kilatini chenyewe kilipita pia kinyume chake. Varro, mtaalamu wa lugha wa Kirumi, anasema meridies, adhuhuri, wazee walilisema kwa d, medidies, na kwamba aliliona limechongwa hivyo kwenye saa ya jua mjini Praeneste.

Kilichoniokoa ni urefu wa irabu. Katika caducus, a ya kwanza ni fupi. Katika caduceus ni ndefu: cādūceus. Ushahidi uko kwenye shairi, kwa sababu mshairi wa Kilatini hawezi kudanganya urefu wa silabi bila mstari kuvunjika. Ovidius anamwita Mercurius, mungu mjumbe wa Warumi, caducifer, "mbeba fimbo ya mjumbe":

Hinc sē sustulerat paribus cādūcifer ālīs.

"Kutoka hapo mbeba fimbo alikuwa amepaa kwa mabawa yake mawili yaliyo sawa." Ukikata mstari huu katika hatua zake sita, hatua ya nne ni bus cā, silabi mbili ndefu. Weka a fupi pale, mstari unachechemea. Mizani ya mashairi yetu huhesabu idadi ya silabi. Yao hupima pia urefu wake, na kwa kazi ya kamusi kipimo hicho ni hazina. Tangu hapo nina kanuni: sitoi asili ya neno kabla ya kulipata kwenye mstari wa shairi, au angalau kabla ya kuhakikisha irabu zake.

Jambo dogo la sarufi limebaki wazi kwenye kidahizo. Kamusi inatoa caduceus ya kiume na caduceum isiyo ya kike wala ya kiume. Vijana wakikuta caduceum hukimbilia kusema wamepata ile ya pili, lakini mara nyingi neno limesimama mahali pa yambwa, ambapo zote mbili huishia -um. Nimeandika zote mbili na onyo.

10 Februari: fimbo gani?

Hapa niliadhibiwa na utajiri wa Kiswahili. Nilijaribu bakora, darasa likacheka na kushika makalio. Mkongojo ni wa mzee. Rungu ni la mlinzi, na kwa Mkenya ni la Rais Moi. Kifimbo kilikuwa kizuri zaidi, kwa sababu kila Mtanzania anamwona Mwalimu Nyerere na kifimbo chake mkononi, naye hakukibeba ili apige mtu. Lakini kifimbo ni kifupi cha kushikwa kwapani, na cha Mercurius hakina lazima ya kuwa kifupi. Kijiti kimeshachukuliwa na wakimbiaji wa kupokezana.

Mwishowe nimebaki na fimbo ya mjumbe, maneno matatu kwa neno moja. Virga peke yake nimeiweka fimbo, au ufito inapokuwa moja ya zile zilizofungwa mafungu na kubebwa na walinzi wa mahakimu wa Kirumi. Washairi wanapenda kumpa Mercurius virga. Vergilius anasema anaichukua virga, na Horatius anaiita ya dhahabu, ya kuchungia kundi jepesi la roho za wafu. Kwa hiyo virga si lazima iwe ya mjumbe, na ya Mercurius ina kazi zaidi ya ujumbe.

Nimemwomba fundi seremala anichongee moja ya kuonyesha darasani, na nyoka nimewasokota mwenyewe kwa waya wa kufungia nondo. Shilingi 7,000. Waya ulinichana kidole. Tumieni waya wa shaba, ni laini.

2 Machi: jaribio darasani, limeshindwa

Nilichapa kurasa nne za rasimu, nakala 20, shilingi 8,000, nikawapa vijana sura mbili za Livius wazitafsiri kwa faharasa peke yake. Matokeo yalikuwa mabaya kuliko nilivyotegemea, na kosa halikuwa lao.

Nilikuwa nimeandika mjumbe kwa caduceator, mjumbe kwa legatus, na kuhani mjumbe kwa fetialis. Kijana mmoja akaandika kwamba Philippus, mfalme wa Makedonia, alimtuma mjumbe wa nyumba kumi. Hakuwa anafanya mzaha: kwao mjumbe ni yule anayekugongea muhuri barua ya utambulisho. Lakini kubwa zaidi, karibu wote walimchora fetialis akiwa na fimbo yenye nyoka wawili. Kosa langu la mwaka jana lilikuwa limezaa watoto 20.

9 Machi: kutenganisha mkono na mkono

Nimepanga upya vidahizo vyote kwa maswali mawili: nani amemtuma, na ana nini mkononi?

Fetialis ni kuhani wa Kirumi, mmoja wa chama cha watu 20, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga mikataba, kudai haki na kutangaza vita kwa namna iliyokubalika mbele ya miungu. Mkononi hana nyoka. Ana majani. Livius anasimulia mkataba wa Roma na mji jirani wa Alba zama za mfalme Tullus. Fetialis anamwomba mfalme, "Sagmina te, rex, posco", nakudai majani matakatifu, ee mfalme. Mfalme anamwambia achukue safi. Anayang'oa kilimani kwenye ngome, halafu anamgusa nayo kichwa na nywele Spurius Fusius, na kwa mguso huo Fusius anakuwa pater patratus, msemaji wa kiapo kwa niaba ya taifa zima. Livius anaiunganisha patratus na patrare, kutimiza, kwa hiyo nimeandika baba mtimiza kiapo. Nilijaribu baba mwapishaji nikaacha: mwapishaji huwaapisha wengine, huyu anaapa mwenyewe.

Majani yenyewe ndiyo yaliyonipendeza kuliko vyote. Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi wa elimu ya viumbe, anaeleza kwamba ni gramen iliyong'olewa ngomeni cum sua terra, pamoja na udongo wake, na kwamba mmoja wa wale waliotumwa aliitwa verbenarius, mbeba majani. Gramen nimeiandika ukoka bila kusita. Nikamtuma kijana uwanjani ang'oe ukoka mmoja na udongo wake. Akarudi ameubeba kwa viganja viwili, mizizi inaning'inia, udongo unadondoka sakafuni mpaka mbele ya ubao. Nikawauliza, "Mtu akija kwenu na hiki, amebeba nini?" Yule aliyeuliza swali mwaka jana akajibu, "Amebeba kwao, Mwalimu." Nimeliandika jibu hilo kwenye kidahizo cha sagmina, chini ya tafsiri.

Na hawakukubali majani ya popote. Mwaka 201 KK makuhani hawa walipotumwa Afrika kufunga mkataba na Karthago, mji adui wa Roma, baraza liliagiza kila mmoja achukue jiwe lake la gumegume na majani yake mwenyewe. Walivuka bahari na ukoka wa nyumbani.

Onyo kwa wanaofuata kazi hii: verbena ya Warumi si lazima iwe ule mmea unaoitwa hivyo leo na wauza maua. Ni tawi au jani lolote bichi la mahali patakatifu. Mimi nilishanakili jina la mmea la kisayansi, nikalifuta.

Fimbo ya nyoka basi ni ya nani? Plinius anasema kuungana kwa nyoka ndiko kulikofanya exterae gentes, mataifa ya nje, waiweke caduceus kuwa alama ya amani. Mataifa ya nje. Mwanasheria Marcianus naye, katika Digesta, mkusanyiko wa sheria wa Kaisari Justinianus, anaweka viwili ubavu kwa ubavu: wajumbe wa Warumi walibeba sagmina ili mtu asiwadhuru, kama wajumbe wa Wagiriki wanavyobeba cerycia, yaani fimbo zao za mjumbe. Yeye anasema hata neno sanctus linatokana na sagmina. Maneno yake yamekuwa uti wa mgongo wa faharasa: ulinzi ni ule ule, vitu viwili, watu wawili.

Ukuta huu hata hivyo una mlango, na nimeuacha wazi. Mwandishi Gellius anasimulia kwamba jemadari wa Kirumi Quintus Fabius alipeleka Karthago mkuki na caduceus, alama za vita na amani, wachague. Watu wa Karthago wakajibu kwamba hawachagui. Waliovileta waache chochote wanachotaka. Na Varro, anasema Gellius, alidai havikupelekwa vitu vyenyewe bali vibao viwili vidogo, kimoja kimechorwa fimbo, kingine mkuki. Kwa hiyo Mrumi aliweza kuitumia caduceus kama alama. Lakini kuhani wake wa mikataba alishika ukoka.

6 Aprili: caduceator

Neno hili limenigharimu zaidi ya yote. Tafsiri ya pili niliyojaribu ilikuwa mjumbe wa amani. Inafaa kwa ule ufafanuzi wa zamani wa Festus, mtunga kamusi wa Kirumi, kwamba caduceatores ni wajumbe waombao amani. Kisha nikaipeleka kwa Livius, ikakataa.

Katika vita dhidi ya Makedonia, Philippus anamtuma caduceator kwa konseli (mtawala mkuu wa Roma) Sulpicius kuomba vita visimame ili wazike wafu. Konseli yuko mezani au kwenye mapumziko yake, anasema atamsikiliza kesho asubuhi. Usiku huo huo Philippus anaacha mioto mingi ikiwaka kambini na kuondoka kimya kimya na jeshi lake lote. Hapa hapana amani iliyoletwa, ni usiku mmoja ulionunuliwa. Cornelius Nepos anasimulia la Hannibal, jemadari wa Karthago, lililo baya zaidi: kabla ya vita vya majini na mfalme Eumenes, Hannibal alimtuma mtu kwa mtumbwi akiwa na caduceus na barua. Adui wakamwongoza hadi kwenye merikebu ya mfalme, na hapo Hannibal akajua ni ipi ya kushambulia. Barua ilipofunguliwa ilikuwa ya dhihaka tupu.

Halafu mwaka 197 KK, baada ya Philippus kupigwa na Warumi huko Cynoscephalae, caduceator wake anafika Larisa. Kwa maneno anaomba nafasi ya kuzika wafu. Kwa kweli, asema Livius, anaomba ruhusa ya kutuma legati, wajumbe rasmi wa mazungumzo (umoja, legatus). Nilisoma mstari huo usiku, taa imeshakatika, kwa mwanga wa simu, na hapo neno likanijia kwa Kiswahili. Huyu hajaja kuzungumza. Anabisha hodi. Amesimama nje ya ua wa adui akiuliza kama wakubwa wake wanaweza kuingia. Legatus ndiye atakayekaribishwa na kukaa.

Nimeandika: caduceator, mbisha hodi wa vitani, mtu anayetumwa na upande mmoja, akiwa na fimbo ya mjumbe, kuomba kusikilizwa na adui. Niliwaza kuhusu mshenga, maana naye hutangulia kwa niaba ya mwingine, lakini mshenga hukaa hadi mwisho, na ndoa imemshika mno. Hodi haijashikwa na mtu.

Chini yake nimeweka maneno ya Cato aliyoyahifadhi Festus: Caduceatori nemo homo nocet, mbisha hodi hakuna mtu amdhuruye. Sikuhitaji kuyafafanua. Darasa lilijibu kwa pamoja kabla sijamaliza kusoma: "Mjumbe hauawi!"

20 Aprili: uchapaji, shilingi 20,000 zimepotea

Nilipeleka faili kwenye flashi, kurasa 10, nakala 20. Dada wa steshenari aliichapa vizuri na kwa haraka, kosa ni langu. Kompyuta yake haikuwa na fonti niliyotumia, na kila irabu yenye kistari juu ikatoka kijisanduku cheusi. Faharasa nzima inayojengwa juu ya urefu wa irabu imetoka bila irabu ndefu hata moja, na sikutazama hadi nilipofika nyumbani.

Tiba ya kwanza: hifadhi faili kwa PDF kabla ya kuitoa nyumbani, na omba uone ukurasa mmoja kabla ya kuchapa zote. Tiba ya pili imekuwa bora kuliko ya kwanza. Kiswahili kina njia yake ya kuandika irabu ndefu, tunaizidisha: kaa, kuu, choo. Basi chini ya kila kidahizo nimeongeza mstari wa matamshi kwa mazoea yetu: kaa-DUU-ke-us kwa matamshi ya kale, ka-DU-che-us kwa ya kanisani tunayotumia kwenye misa. Herufi kubwa zinaonyesha mkazo, kwa sababu ulimi wetu unataka kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na vijana walikuwa wanasema kaduKEus bila kujua.

11 Mei: nyoka

Mchoraji alilipwa 15,000 kwa michoro miwili. Wa kwanza ulikuwa fimbo ya nyoka mmoja. Alinakili alama ya hospitali, na kwa hospitali yuko sahihi: hiyo ni fimbo ya Asklepios, mungu wa tiba, ndiyo iliyo kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani. Mkanganyiko huu umesambaa mno tangu kikosi cha tiba cha jeshi la Marekani kilipoichukua caduceus kuwa nembo yake mwaka 1902. Akarudia, wawili sasa, wametazamana vizuri, ila amewapa shingo zilizotanuka kama fira. Plinius anasema wazi kwamba si desturi nyoka wa caduceus kuwa na vishungi, na kwa hofu ya kuongeza kitu kichwani nikaomba awachore vichwa vitupu. Alirekebisha bure.

Mchoro wa pili ni viganja viwili na ukoka. Huo haukuhitaji marekebisho.

1 Juni: praeco, na hesabu

Praeco nilidhani kitakuwa kigumu kikawa chepesi. Ni mpiga mbiu wa mjini, wa mahakamani na wa mnadani. Kiswahili kinamjua: mnadi, kutokana na kunadi, kutangaza kwa sauti na kuuza kwa sauti, kazi zote mbili katika neno moja kama kwa Warumi. Sauti ndiyo chombo chake, kwa hiyo kwenye safu ya "mkononi" nimeweka mstari mtupu. Orator nimeipa maana mbili, msemaji na mjumbe wa kale, kisha nimetaja Cicero, ambaye anataka jina la msemaji peke yake limlinde mtu kati ya mishale ya adui kuliko caduceus.

Nakala 20 mpya zimetoka, kurasa 10, vistari vyote viko mahali pake: shilingi 20,000. Jumla ya mradi ni 80,000, na katika hizo 20,000 ni zile za vijisanduku. Muda ni miezi minne na nusu ya Jumamosi.

Jaribio la sura zile zile mbili limerudiwa jana. Hakuna aliyemchora fetialis na nyoka. Wawili bado wanachanganya verbenarius na pater patratus, kwa hiyo toleo lijalo litaanza na mchoro wa mguso ule wa majani kichwani, na nitaongeza kidahizo cha 13, fecialis, kwa sababu vitabu vya zamani vya maktaba yetu vinaliandika kwa c na vijana wanalitafuta wasilione.